NZI WA MAEMBE NI ADUI WA SOTE

Msimu wa maembe ukaribiapo, twapenda kusema na wananchi juu ya adui mmoja mdogo ambaye kila mwaka huingia mashambani mwetu bila kubisha hodi, akala jasho la mkulima. Adui huyo ni nzi wa matunda. Wako watakaoshangaa kuona gazeti la chama likiandika habari za nzi. Nasi twawauliza: siasa ni nini kama haigusi shibe ya mwananchi, ada ya mtoto wake na heshima ya mazao yake sokoni?

Nzi wa matunda wa kienyeji tulikuwa nao tangu zamani. Lakini mwaka 2003 wataalamu waligundua pwani ya Kenya nzi mwingine, mgeni kutoka Asia, na Tanzania nako akaonekana mwaka huo huo. Mwaka 2005 walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Mwaka 2015 wakakubaliana kuwa ni yule yule nzi wa Asia aitwaye Bactrocera dorsalis. Jina lilibadilika, uvamizi haukubadilika. Katika miaka michache alienea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, na katika mashamba mengi ya maembe akawashinda hata nzi wenyeji.

Ubaya wake ni huu. Jike hutoboa ganda la embe, akataga mayai chini yake. Kwa nje embe laonekana zuri, pengine lina kidoa kidogo tu. Ndani funza wanakula. Embe likianguka, funza hutoka na kujificha ardhini, si mbali na uso wa udongo, na baada ya siku kadhaa huibuka nzi wapya. Kwenye joto, toka yai mpaka nzi mzima ni kama mwezi mmoja, na jike mmoja aweza kutaga mamia ya mayai maishani mwake. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: embe bovu lililoachwa chini ya mti leo ni kundi la nzi mwezi ujao.

Hasara yake tumeiona. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe kupeleka maembe katika masoko ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mlango ule haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Miaka 7! Na mkulima asiye na soko jingine humngoja mchuuzi shambani, naye mchuuzi ndiye atajaye bei.

Silaha ipo. Ni mtego: chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu pembeni, ndani yake pamba iliyolowekwa chambo kiitwacho methili ujenoli pamoja na dawa kidogo ya kuua wadudu. Hutundikwa mtini kivulini, na waya wake hupakwa grisi ili chungu wasipite kwenda kuwala nzi waliokufa, hesabu ikapotea.

Lakini tusidanganyane. Chambo hicho huvuta madume tu. Mtu atundikaye chupa moja, akaona imejaa nzi, akarudi nyumbani kulala, amejidanganya. Majike bado wako juu ya mti wanataga. Kazi ya kwanza ya mtego ni ulinzi. Unatuambia adui amefika lini, upande gani, na kama anaongezeka. Kwa hiyo lazima nzi wahesabiwe kila juma na hesabu iandikwe. Tuseme juma lililopita walikuwa 5 na juma hili ni 50: hapo mkulima ajua kwamba saa ya vita imefika, kabla hajaona tunda moja lililooza. Mtego usiohesabiwa ni pambo la mti.

Majike nao wana dawa yao. Kabla ya kutaga huhitaji chakula cha kujenga mwili, na chambo cha chakula hicho chaweza kutengenezwa kwa hamira iliyobaki katika viwanda vya bia. Hutiwa sumu kidogo, kikanyunyizwa sehemu moja tu ya mti, bila kumwagia shamba zima dawa. Na matunda yaliyoanguka yaokotwe yote, yazikwe kwenda chini futi 2 hivi, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe.

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu. Nzi hajui hati ya shamba wala hajui mpaka wa kijiji. Ukiokota matunda yako na jirani yako akayaacha yaoze, umefanya kazi ya bure. Mwaka 1963 kisiwa cha Rota, katika Bahari ya Pasifiki, kilimmaliza nzi huyu kabisa kwa kutawanya kisiwa kizima vipande vya mbao laini vilivyolowekwa chambo hicho na sumu. Madume walikwisha, majike wakakosa wa kuwapanda. Siri yake ilikuwa kutobakiza pembe hata moja. Sisi hatuna bahari ya kutuzunguka, wala hatuahidi kummaliza nzi bara zima. Twasema tu kwamba kijiji kizima kikifanya kazi siku moja, kimejijengea kisiwa chake.

Elimu ya jambo hili tunayo hapa hapa. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Afrika Mashariki, alianzisha Nairobi kituo cha ICIPE cha kuchunguza wadudu, na huko njia nyingi za namna hii zimejaribiwa. Lililobaki ni elimu hiyo kushuka kutoka kwenye vitabu mpaka chini ya mwembe. Wala tusichelewe, maana mgeni mwingine kutoka Asia, Drosophila suzukii, ambaye hushambulia stroberi na rasiberi, amekwisha kuonekana Kenya. Huyo hanaswi kwa methili ujenoli; huvutwa na siki na divai. Nchi isiyo na desturi ya kutega na kuhesabu, kila nzi mpya ataikuta imelala.

Wako wasemao, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Kweli Serikali ina deni: bwana shamba afike kijijini, na chambo kiuzwe kwa bei ambayo mwenye miti 10 aweza kulipa. Deni hilo tutalidai bila kuona haya. Lakini hakuna Serikali iwezayo kuinama chini ya kila mwembe kuokota embe bovu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la chama lichague siku moja katika juma, wanachama na wasio wanachama, wenye shamba kubwa na mjane mwenye mti mmoja, wahesabu mitego na kuokota matunda pamoja. Hesabu iandikwe ubaoni mbele ya ofisi ya tawi, kila mtu aisome. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi na tukutanishe vidole vyetu kabla embe la kwanza halijaanguka.