Songwe: Jina Tunalo, Mto Je?

Leo tuongelee mto.

Hapa Tunduma ukitaja mpaka, akili za watu zinakimbilia foleni ya malori ya kwenda Nakonde. Mpaka huo una heshima zake: mwaka 2019 marais wawili, Magufuli na Lungu, walikuja kuzindua kituo cha pamoja. Safi. Lakini mkoa wetu una mpaka mwingine kule Ileje, na huo ni maji: Mto Songwe. Waingereza na Wajerumani waliuandika kwenye mkataba wao wa 1890. Sisi tulipotoka Mbeya mwaka 2016 tukachukua jina hilo hilo.

Jina tumechukua, mto tumeuacha.

Ukishuka tambarare za Kyela mto huo unafurika, unakula kingo na kuhama njia. Shamba lililolala Tanzania linaweza kuamka ng'ambo ya maji, upande wa Malawi. Serikali hizi mbili zina mpango wa pamoja wa bonde: mabwawa, umeme, umwagiliaji. Sipingi. Ila nauliza, tope litakalojaza mabwawa hayo litatoka wapi kama si kwenye miteremko iliyonyolewa miti huku juu? Na nani ataizuia miteremko hiyo isiporomoke kama si mwanakijiji mwenye jembe na miche?

Mtaniambia mwanakijiji huyo huyo ndiye mharibifu. Kweli, wapo wanaolima hadi ukingoni, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60. Lakini mita 60 za mkulima mdogo zinaweza kuwa shamba lake lote. Ukimwondoa bila kumpa mbadala, atarudi usiku.

Jirani zetu wa Ruaha Mkuu ni somo tosha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2017 Serikali ikaunda kikosi kazi cha kuuokoa mto ule ule! Ahadi haioti mizizi, mti ndio unaota.

Jumuiya za watumia maji zinatambuliwa na sheria ya 2009. Basi zitambuliwe na bajeti pia: miche, vipimo vya mipaka, na sehemu ya ada za maji irudi kijijini. Mbunge akija kuomba kura, muulizeni hilo kwanza.