Kidirisha chenye Baraza

Wapenzi wa kamera za zamani wana ubishi usiokwisha: kidirisha cha kutazamia kipi ndicho bora? Mmoja atakuapia kwamba hakuna mfano wa Leica M3, wa pili atasema heri M2, wa tatu atakutolea Canonet yake ya Kijapani. Nami nimebishana nao miaka mingi, nikipima mwangaza na ukubwa wa taswira. Leo naona tulikuwa tukipima kitu sicho.

Kwa msomaji asiyezijua, hizi ni kamera za filamu ambazo jicho halitazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilicho juu yake. Humo, kitu kimoja huonekana kama viwili. Ukizungusha lenzi, taswira hizo husogeleana hata zikakutana, na hapo umbali umepatikana.

Nilianza na Leica IIIc, aina iliyotoka 1940, niliyorithi kwa ami yangu Mombasa. Hiyo ina matundu mawili, moja la kupimia umbali na jingine la kupangia picha, ingawa wenzao wa Contax walikwisha kuyaunganisha mnamo 1936. Jicho likihama kutoka tundu hadi tundu, walimwengu hawakungoji. Tena tundu la kupangia huonyesha kile kitakachoingia pichani tu. Ya nje huyaoni.

Ubaya wake niliujulia Nairobi, Kawangware 46, pale zinapofikia matatu za namba hiyo kutoka mjini. Nilimwomba ruhusa fundi cherehani mmoja nimpige picha kazini, naye akaridhia. Nikapima, nikahamisha jicho, nikafyatua. Filamu iliposafishwa, nikamwona pembeni mama mmoja mpita njia, upepo umemfungua ushungi, na mkono wake ndio kwanza unainuka kuurudisha. Dini yetu imetufunza kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Fundi nilimbishia hodi. Yule mama sikumbishia. Nilikikata kile kipande cha filamu kwa mkasi, lakini haya haikukatika.

Sisi watu wa Pwani tulizoea picha za studio. Mtu alivaa vizuri, akajitia manukato, akaenda kwa miguu yake kwa Parekh pale Mombasa, akakaa apendavyo. Picha ilikuwa yake tangu mwanzo. Njiani mambo ni kinyume: mwenye kamera ndiye amfuataye mtu, na aghalabu mtu mwenyewe hana habari.

Baadaye rafiki yangu aliniazima M3, aina ya 1954, na M2, aina ya 1957. M3 huonyesha kitu kwa kiasi cha tisa ya kumi ya ukubwa wake, hata waweza kuliacha jicho la pili wazi bila taabu. Kwa kupima umbali ni hodari kuliko mwenzake. Lakini ukitia lenzi ya milimita 50, mistari myeupe inayoonyesha mipaka ya picha hukaribia kingo za kidirisha. M2 hupunguza kitu hadi kama saba ya kumi, na wajuzi wengi huona huo ni upungufu. Mimi nauona ndio uzuri wake. Kwa lenzi ile ile, kuizunguka mistari hubaki nafasi pana, mfano wa baraza mbele ya nyumba. Na aliyeketi barazani humwona ajaye kabla hajafika mlangoni.

Niliporudi Kawangware 46 na M2, nilimwona mama na mtoto wakija wangali nje ya mistari. Nikashusha kamera. Wakapita, tukaamkiana, kisha nikaendelea na kazi yangu.

Na baraza hiyo ilinifunza jambo la pili. Nilikuwa nimeulenga mtaro wa maji machafu, picha ambayo walimwengu wameizoea wakitajiwa Kawangware au Kibera. Nje ya mistari nikaona wanafunzi waliovaa sare safi, na muuza mahindi anayewarudishia chenji. Mtaro si uongo. Lakini anayeona alichokiacha nje hawezi tena kujidai kwamba hakukiona. Wangapi wameipiga picha Kibera wasiwaone Wanubi wa Makina, wenye misikiti yao na arusi zao, ambao babu zao walikaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20?

Najua nitajibiwa kwamba kosa ni la mpiga picha, si la kamera. Kweli, kidirisha hakimgeuzi mwizi kuwa mwaminifu. Lakini mwenye nia njema naye huhitaji chombo kinachomsaidia, kwani nia peke yake haimwonyeshi ajaye pembeni.

Siku hizi filamu ni ghali, na kila mtu ana simu yenye kamera. Mabibi na mabwana, kioo cha simu nyingi hakina baraza. Kwa hilo chafanana na lile tundu la ami yangu. Basi kabla ya kubonyeza, inueni macho, mtazame kulia na kushoto. Akiwapo wa kumbishia hodi, mbishieni.