Printa ni Yako, Mbona Wachapishia kwa Watu?



Hapa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba nyingi nizijuazo zina printa. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama sinia ya futari. Lakini karatasi ikitakikana, mtoto hutumwa saiba. Cheti cha PIN ya KRA, nakala ya kitambulisho, ripoti ya daktari, hati ya nyumba: vyote hutumwa kwa WhatsApp hadi kwenye simu ya mtu mwingine, kisha kwenye kompyuta yake. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: "Printa imefungwa kwenye laptop ya kaka, na kaka hayuko."

Jamani! Hiyo ndiyo sababu ya kumpa mtu baki hati ya nyumba ya babu?

Sina ugomvi na wenye saiba, wengi ni watu waaminifu na wanatafuta riziki. Lakini mwaminifu pia hufungua mashine moja kwa wateja mia, na faili yako hubaki hapo baada ya wewe kulipa na kwenda zako. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Sheria yaweza kumwajibisha mtu, lakini haiingii kwenye kompyuta yake jioni kukufutia faili.

Dawa ni seva ya kuchapishia: kompyuta moja ndani ya nyumba inayoshika printa, inayopokea kazi kutoka kwa simu na laptop zote, inayozipanga foleni na kuzitoa moja baada ya nyingine. Kaka awepo asiwepo.

Najua mtasema: "Si ununue tu printa ya Wi-Fi?" Kwanza, nyumba zetu hizi zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hupoza nyumba vizuri, lakini Wi-Fi huzimeza. Rauta ikiwa ghorofa ya juu na printa iko chini, utaisubiri hiyo karatasi mpaka uchoke. Vuta waya wa mtandao kutoka kwenye rauta hadi kwenye seva, umemaliza.

Pili, baadhi ya printa za leo zataka ufungue akaunti kwa mwenye kiwanda kabla ya kukutolea hata ukurasa mmoja. Wengine walipenda kuchapisha kupitia Google Cloud Print, iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 31 Desemba 2020 Google ikaifunga. Printa zilikuwa nzima, kilichokufa ni huduma ya katikati. Kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 sote tulifurahi, na ni haki. Lakini barua itoke sebuleni, ivuke bahari, izunguke ulimwengu, irudi chumba cha pili? Hiyo ni akili gani?

Mashine munayo tayari. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Usiitupe. Weka Debian, na juu yake CUPS, programu ya bure iliyoandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999. Apple waliiingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002, kwa hivyo si mchezo wa watoto. Amri ni hizi:

sudo apt install cups avahi-daemon
sudo usermod -aG lpadmin jina_lako
sudo cupsctl --share-printers --remote-admin

Kwenye rauta, ipe seva anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kisha kwenye kompyuta nyingine fungua kivinjari, andika https://192.168.1.10:631, ongeza printa yako na uweke alama ya kuishiriki. Avahi itaitangazia nyumba nzima. Karatasi ikiisha au umeme ukikatika, kazi zilizo kwenye foleni zinangoja kwenye diski.

"Lakini CUPS ina matundu ya usalama!" Kweli. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alifichua matundu mazito, moja likiwa kwenye sehemu iitwayo cups-browsed. Marekebisho yalitolewa. Kwa hivyo sasisha mfumo wako, ondoa cups-browsed kama huihitaji, usitumie kamwe --remote-any, na usifungue porti 631 kwenye rauta. Seva ya nyumbani ni ya watu wa nyumbani.

"Na bili ya umeme?" Tumia laptop kuukuu badala ya kompyuta kubwa ya mezani. Hula umeme kidogo, na betri yake ikiwa bado ina uhai, itaivusha seva umeme ukipotea kidogo. Usiku izime.

Msidhani haya ni mambo madogo. Karibu na mwaka 1980, huko MIT Marekani, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi inapokwama. Alinyimwa msimbo wake. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, na leo Debian hiyo unayoiweka imejengwa juu ya kazi ile. Hasira ya printa moja ilichangia kuzaa harakati nzima.

Swali lake ndilo swali langu kwako: umenunua printa kwa pesa zako, sasa nani anaiamrisha? Kama jibu si wewe, mwishoni mwa wiki hii itoe ile laptop kabatini, uipanguse vumbi, uanze kazi.