Kilichofungwa na Kilichoachwa Huru katika Hesabu za Mafumbo

Katika mazoezi ya kufundisha darasa la sita tulipata kutoa fumbo hili. Watoto 78 wanakwenda kutembelea shamba. Basi moja huchukua watoto 40 na hukodishwa kwa sh. 60,000, kila mtoto hupikiwa gramu 100 za mchele, na kilo moja ni sh. 3,000. Je, akiongezeka mtoto mmoja, gharama itazidi kwa kiasi gani? Sisi tuligawa 60,000 kwa 40, tukajumlisha mchele, tukapata sh. 1,800. Msichana mmoja akaandika sh. 300. Tukamkosesha.

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Basi halikatwi vipande. Yalikwisha kuamuliwa mabasi mawili, yenye nafasi 80. Mtoto wa 79 anaongeza mchele tu.

Wataalamu wa hesabu za kutafuta gharama ndogo kabisa hufanya kama alivyofanya msichana yule. Hesabu iliyochanganya vigeu vya namba nzima, kama mabasi, na vigeu vinavyokubali sehemu, kama kilo za mchele, haina bei moja ya nyongeza, kwani gharama yake huruka ghafla. Hivyo kwanza hutafuta jibu bora. Kisha huzifunga namba nzima palepale zilipofikia, ndipo huuliza bei ya nyongeza kwa vigeu vilivyobaki huru. Katika masoko ya umeme ya Marekani huamuliwa kwanza mitambo ipi iwashwe, uamuzi huo hufungwa, na bei hutafutwa baadaye. Mara nyingine bei hiyo haitoshi kufidia gharama za kuwasha, ikalazimu wenye mitambo walipwe nyongeza kando. Taabu ya bei za namna hii Gomory na Baumol waliieleza tangu mwaka 1960.

Lakini hatukubaliani na wanaodhani kwamba kufunga kunamaliza kazi. Sh. 300 ni kweli kwa mtoto wa 79 na wa 80 basi. Wa 81 anadai basi la tatu, yaani sh. 60,300, na hesabu iliyofungwa haina la kusema juu yake ila kwamba hana nafasi. Kwa hiyo mwalimu hana budi kumtaka mwanafunzi aandike, kando ya jibu, ni kitu gani alichokifunga na jibu linafaa mpaka wapi.

Daftari la msichana yule lilirudishwa na alama ya kosa. Tulipotambua, muda wetu katika shule ile ulikuwa umekwisha.