Feri ya saa moja: anza kupanga kutoka mwisho

Wiki jana binamu yangu alinitumia ujumbe kutoka Malaga, Uhispania, ambako alikuwa ameenda kwa kongamano. "Kaka, nimeona kuna feri ya kwenda Moroko. Saa moja tu! Jumamosi navuka, Jumapili narudi, Jumanne napanda ndege Madrid. Niichukue?" Alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa kulipia, na tarakimu za kadi alikuwa amezijaza nusu.

Nilimwuliza swali moja tu. Kwenye viza yako, pale panapoonyesha idadi ya kuingia, pameandikwa nini? Akajibu: 01. Nikamwambia, basi funga huo ukurasa.

Tovuti haikumwuliza swali hilo. Ilimwuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya pasipoti, kama ana gari, kama angependa bima na kama angependa kiti cha mbele. Lile swali moja ambalo lingemwacha amekwama Tangier huku ndege yake ikiondoka Madrid, halikuwemo. Mimi ninaandika programu kwa riziki yangu, kwa hivyo jambo hili limenikaa moyoni, na leo ninataka kulizungumzia.

Hoja yangu ni hii: safari fupi ya kuvuka mpaka ni ngumu kupanga kuliko safari ndefu, na sisi waandishi wa programu tumechangia kuificha hiyo ugumu. Mtu anayesafiri kutoka Nairobi hadi Madrid huchukua wiki kadhaa kutayarisha karatasi zake. Mtu huyo huyo akiona "saa 1" kwenye skrini, huamua katika dakika tano. Ukifikiri kwa kilomita, ana haki. Ukifikiri kwa mambo yanayobadilika njiani, amekosea kabisa.

Tuangalie njia yenyewe. Mlango wa Bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 hivi mahali palipo pembamba zaidi. Tarifa ndio mji wa kusini kabisa wa Ulaya bara, na hewa ikiwa safi unasimama ufukweni ukaiona milima ya Afrika waziwazi. Meli za kasi hutoka Tarifa hadi bandari ya mjini Tangier, inayoitwa Tanger Ville, kwa muda wa saa moja hivi. Sisi Wakenya tukisikia neno feri tunawaza Likoni: unaingia, unasimama, unatoka, umefika. Hapa ndipo akili inapotudanganya. Likoni unabadilisha upande wa maji tu. Tarifa unabadilisha bara, sheria za uhamiaji, sarafu, mtandao wa simu, na mara nyingi hata saa yenyewe.

Nitaanza na viza kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa. Sisi Wakenya tunahitaji viza kuingia nchi za Schengen. Viza ya kuingia mara moja hufa siku unapotoka, hata kama ina siku ishirini zilizobaki. Ukishapita dirisha la polisi bandarini Tarifa, umetoka Schengen. Haijalishi kwamba bado unaiona Ulaya kwa macho. Ili urudi unahitaji viza nyingine, na hiyo haiombwi bandarini. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuingiza kwa awamu mfumo wa EES, unaosajili alama za vidole, picha, na kila kuingia na kutoka kwa wageni wasio raia wa huko. Kwa hivyo yule mtu aliyekuwa akisema "huenda hawataona mhuri" atafute hadithi nyingine. Kompyuta imeona.

Hata mwenye viza ya MULT, yaani ya kuingia mara nyingi, afanye hesabu. Kanuni ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kutoka na siku ya kuingia zote mbili huhesabiwa kuwa umo ndani. Ukivuka Jumatatu ukarudi Jumatano, umeokoa siku moja tu, Jumanne. Ukienda asubuhi ukarudi jioni hukuokoa chochote. Na usisahau kwamba Moroko ina masharti yake ya kuingia, yasiyofuata ya Ulaya. Hayo yasome kwa ubalozi wao kabla hujalipa hata senti.

Sasa tuje kwenye saa, mahali ninapopapenda kwa sababu za kikazi. Uhispania bara iko UTC+1 wakati wa baridi na UTC+2 wakati wa joto. Moroko nayo tangu Oktoba 2018 imekaa UTC+1 mwaka mzima, isipokuwa katika kipindi cha Ramadhani ambapo hurudi UTC+0. Piga hesabu uone. Januari saa ni sawa pande zote mbili. Julai Moroko iko nyuma kwa saa moja. Ramadhani ikiangukia miezi ya baridi, tofauti ni saa moja. Ikiangukia baada ya Ulaya kusogeza saa mbele, kama ilivyokuwa Aprili 2022 na Aprili 2023, tofauti ni saa mbili. Njia moja, meli ile ile, na majibu matatu tofauti kulingana na kalenda ya Ulaya na mwandamo wa mwezi.

Julai basi unaondoka Tarifa saa tatu asubuhi na unafika Tangier saa tatu asubuhi. Inafurahisha. Jioni unaondoka Tangier saa kumi na mbili na kufika Tarifa saa mbili usiku, na yule aliyepanga kupanda basi la saa moja na nusu anabaki kituoni akitazama barabara. Hatari nyingine ni simu yako. Maji ni membamba kiasi kwamba ukiwa ufukweni Tarifa simu inaweza kukamata mnara wa ng'ambo na kujibadilishia saa yenyewe. Itakuonyesha saa mbili wakati bandarini ni saa tatu, na meli imekwisha kung'oa nanga. Tena hapo utakuwa umelipia mtandao wa nje bila kujua, maana Moroko haimo katika mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutumia simu bila malipo ya ziada. Zima saa ya kujibadilisha, chagua mji kwa mkono, na uzime data za nje kabla hujafika ufukweni.

Mwaka 2018 una somo kwa wenzangu wa programu. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo serikali ya Moroko ilitangaza kwamba haitarudisha saa nyuma, na saa zilikuwa zirudi tarehe 28. Siku mbili! Sasa fikiria tiketi iliyouzwa mapema mwezi huo, ya meli ya Novemba inayoondoka Tangier saa kumi na moja jioni. Kwa kanuni ya zamani, 17:00 ya Tangier ni 17:00 UTC, na mwandishi wa programu aliyefundishwa kwamba kila kitu kihifadhiwe kwa UTC akaandika hivyo kwenye hifadhidata. Kanuni ikabadilika, programu ikasasishwa, na tiketi ile ile ikaanza kuonyesha 18:00. Meli haikujua habari hizo. Iliondoka 17:00 yake.

Kwa hivyo ushauri wa "hifadhi UTC" ni mzuri kwa mambo yaliyokwisha kutokea, lakini ni mbaya kwa mambo yatakayotokea mahali fulani kwa saa ya pale. Kwa tiketi, hifadhi saa ya bandarini pamoja na jina la ukanda, yaani Africa/Casablanca au Europe/Madrid, na ufanye hesabu siku ya kuonyesha. Usihifadhi "+01:00" peke yake, kwa sababu Ramadhani itaibatilisha. Ile hifadhidata ya kanda za saa inayosimamiwa na IANA, ambayo karibu kila simu na seva duniani huitegemea, imebeba makadirio ya Ramadhani za Moroko hadi mwaka 2087. Kuna watu wamekaa wakafanya kazi hiyo na kuitoa bure. Kazi yetu sisi ni kuisasisha tu, na hata hiyo tunachelewa.

Jambo la tatu ni jina la bandari. Andika "Tangier" kwenye tovuti ya tiketi na utapata bandari mbili. Tanger Ville iko mjini. Ukishuka unatembea kwa miguu hadi mji mkongwe. Tanger Med iko kilomita 40 hivi mashariki mwa mji, na ndiko ziendako meli za kutoka Algeciras. Mwenye gari hajali. Mwenye mkoba mgongoni ameongeza safari ya basi au teksi ambayo hakuipangia muda wala pesa. Tovuti nyingi huziweka mbili hizo kwenye orodha moja, zikipangwa kwa bei, kana kwamba ni milango miwili ya nyumba moja. Majina ya kampuni nayo hayakai. Shughuli za FRS za hapo zilinunuliwa na DFDS mwanzoni mwa 2024, na bado kurasa za zamani za ushauri zinakuelekeza kwa jina lililopita. Tazama tarehe ya ukurasa kabla ya kuuamini, huu nao ukiwemo.

La nne ni upepo. Tarifa inajulikana na wacheza mawimbi wa dunia nzima kwa sababu ya Levante, upepo wa mashariki unaobanwa na mlango huu mwembamba hadi unavuma kwa ukali. Upepo huo unaowafurahisha wao huzifungia bandarini meli za kasi. Abiria husubiri, au huelekezwa Algeciras, umbali wa kilomita 20 hivi, na kutoka huko meli huenda Tanger Med. Umeona? Upepo mmoja umebadilisha bandari mbili za safari yako. Na kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba huongezeka msafara wa familia za Kimoroko zinazoishi Ulaya zinazorudi nyumbani, zaidi ya watu milioni 3 kwa msimu mmoja. Ukikosa meli wakati huo, usitegemee kwamba inayofuata ina nafasi.

Sasa mtasema, ndugu, umetutisha, tusiende? La hasha. Nendeni. Ninachosema ni kwamba safari hii ipangwe kinyumenyume, kama tunavyofanya na seva: hatubadilishi kitu kabla ya kujua jinsi ya kukirudisha. Anza na swali la mwisho: nitalala wapi usiku wa mwisho, na nina ruhusa ya kufika hapo? Kama jibu ni Madrid, na viza ni ya mara moja, basi Tangier haimo katika safari hii. Au igeuze: ifanye Tangier iwe kituo cha mwisho, na tiketi ya kurudi Nairobi uinunue ya kutoka Moroko. Kuvuka hakukatazwi na viza hiyo, kunakokatazwa ni kurudi. Baada ya hapo weka siku nzima, wala si saa mbili, kati ya meli ya kurudi na ndege. Halafu ndipo uchague saa ya kwenda, ambayo watu wengi huianza kwanza.

Na kwa wenzangu wanaouza tiketi kwenye wavuti: mmekwisha kumwuliza mteja uraia wake na nambari ya pasipoti. Mnajua anatoka Schengen na kwamba amenunua kwenda na kurudi. Mstari mmoja mwekundu unaosema "hakikisha viza yako inakuruhusu kuingia tena" ni kazi ya alasiri moja. Hauhitaji akili bandia. Unahitaji mtu ofisini aliyewahi kusafiri na pasipoti kama yangu, au aliyemwuliza mwenye nayo. Programu hujua tu shida za walioiandika, na ndiyo sababu ninawahimiza vijana wetu waandike zao.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304. Mnamo 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na baadaye akasimulia alichokiona. Karibu na 1350 aliuvuka mlango huo huo kwenda Andalusia. Leo Mmombasa anayetaka kumrudishia ziara anaweza kumaliza kilomita hizo za mwisho kwa saa moja. Ila asome kwanza kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye pasipoti yake.

Binamu yangu hakuvuka. Jumamosi alikwenda Tarifa kwa basi, akakaa ukutani kwa bandari, akanipigia picha ya milima ya ng'ambo. Simu yake ilikuwa imerudi nyuma kwa saa moja.