Tulikusanya data juani, mbona majina yetu hayapo?

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kibarua cha kwanza kilichonilisha kilikuwa kukusanya data za utafiti. Miezi mitatu nilibisha milango mtaani nikihoji kina mama kuhusu maji wanayotumia. Maswali kadhaa tuliyaandika upya sisi vibarua, maana yalivyokuja hakuna aliyeyaelewa. Makala ilipotoka jaridani ilikuwa na waandishi tisa. Mmoja wao hatukuwahi kumwona. Tukaambiwa ni mkubwa wa idara. Na sisi je? Tulishukuriwa kwa mstari mmoja, bila majina.

Sisemi kila aliyeshika kalamu aitwe mwandishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne: uwe umechangia pakubwa katika wazo, data au uchambuzi, ushiriki kuandika au kurekebisha, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kuleta pesa au kuwa bosi peke yake hakutoshi. Tena kanuni hizo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Yaani huwezi kumfungia mtu mlango halafu useme amekataa kuingia.

Kurundika majina pia si dawa. Mwaka 2015, makala moja ya fizikia kuhusu chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilikuwa majina na taasisi zao. Nani alifanya nini hapo? Ndiyo maana majarida mengi siku hizi yanatumia mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14. Kila mtu anaonyeshwa kazi yake: aliyetoa wazo, aliyekusanya data, aliyeandika programu, aliyesimamia.

Na haki inawezekana, tena hapa jirani. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Tanzania alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Lakini Denis Osborne, msomi wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alipoulizwa swali hilo na kijana huyo hakulipuuza, alilipima. Mwaka 1969 makala ilitoka kwa majina ya wote wawili, na la Mpemba ndilo lililotangulia. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu matokeo hayo, lakini swali linajulikana kwa jina la aliyeliuliza.

Kwa hivyo msee, kabla hujasaini kibarua cha utafiti, uliza: nikifanya zaidi ya kujaza fomu, jina langu litaingia wapi? Iandikwe mapema, kabla data haijakusanywa. Nanyi wakubwa wa idara, kama hamkufanya kazi, ondoeni majina yenu. Malipo ya kibarua huisha wikendi moja. Jina kwenye makala ndilo ambalo lingenirudisha chuo.