Kalathea za Ruiru na Ushauri wa Nyumba za Baridi

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, wenye kalathea huko Ruiru na Thika huanza kulalamika. Majani yanajikunja, kingo zinakauka, na jani jipya linakwama kabla ya kufunguka. Mmea huu ulitoka katika misitu ya mvua ya Amerika, nao hustawi hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 60 na zaidi. Ushauri haukosekani, ila mwingi ulitungwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako madirisha hufungwa msimu mzima wa baridi na mitambo ya kupasha joto hukausha hewa usiku na mchana. Nyumba zetu hazina mitambo hiyo, na nyingi zina matundu juu ya madirisha yasiyofungwa kamwe. Madai ninayoyajibu hapa husikika sana katika vitalu vya kando ya barabara ya Thika, na yanawaulia watu mimea waliyoilipia pesa.

“Pulizia majani maji asubuhi na jioni.” Hili limeenea kuliko yote, basi tulipigie hesabu. Chukua sebule ya mita 3 kwa 4 yenye dari ya mita 2.5: humo mna hewa mita 30 za ujazo. Kwenye joto la nyuzi 25, mita moja ya ujazo ikishiba mvuke hubeba gramu 23 hivi za maji. Kupandisha unyevu kutoka asilimia 45 hadi 60 kunahitaji gramu 100 hivi kwa chumba kizima, yaani pungufu ya nusu kikombe. Kwa kusikia ni kidogo. Lakini hewa ya chumba chenye matundu haitulii; hata ikibadilika mara moja tu kwa saa, itakubidi uvukize kiasi hicho kila saa, mchana kutwa. Chupa ya kupulizia hutoa gramu chache, na baada ya muda mfupi hewa inarudi ilivyokuwa. Na majani yakilala yamelowa, kuvu na madoa hupata nafasi.

Isitoshe, asubuhi hewa yetu haihitaji kuongezwa chochote. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 90 hubeba gramu 11.5 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Jua likiipasha hadi nyuzi 28, maji ni yale yale, lakini unyevu sasa unahesabika asilimia 42, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi kubwa zaidi ya mvuke. Sasa tazama: hewa hiyo hiyo ikiwa kwenye kona yenye nyuzi 24, unyevu wake ni asilimia 53. Umepata pointi 11 bila tone la maji. Hili ndilo ningependa kila mwenye kalathea alishike. Katika miji hii iliyo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kazi kubwa ni kuupatia mmea ubaridi kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja jioni. Uondoe kwenye dirisha linalotazama magharibi, usiuweke chumba cha mabati yasiyo na dari, uweke mbali na mgongo wa friji, na ushushe pazia jepesi mchana. Kisha ikusanye mimea yako pamoja, kwa maana kila jani hutoa mvuke.

“Weka chungu juu ya sahani ya kokoto na maji.” Haidhuru, mradi kitako cha chungu kisizame. Ila mvuke wa sahani hupotea sentimita chache tu juu yake.

“Thika kuna joto, mwagilia kila siku.” Hapa ndipo kalathea nyingi hufia. Unyevu wa hewa na maji ya udongo ni mambo mawili tofauti, na mizizi nayo inahitaji hewa. Miche mingi huuzwa ndani ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, au ule mweusi wa Juja unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mizizi ikioza, majani hujikunja vile vile kama ya mmea wenye kiu, na mwenyewe anazidi kumwaga maji. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili; kikitoka na udongo mbichi, subiri. Ukihamishia chungu kingine, changanya udongo na makumbi ya nazi yaliyosagwa pamoja na mchanga wa mto.

“Ncha za kahawia ni hewa kavu.” Pengine. Lakini ploti nyingi za Ruiru hutumia maji ya visima virefu, na katika sehemu kadhaa za Kiambu na Nairobi maji hayo yana floraidi na chumvi nyingi. Kalathea haivumilii floraidi. Hujikusanya kwenye ncha za majani na kuziunguza. Kuyalaza maji usiku kucha hupunguza klorini tu, na kuyachemsha huzidisha makali ya floraidi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, ukiyaacha yale ya kwanza yaoshe vumbi.

“Weka bafuni.” Sawa, kama bafu lako lina dirisha la kusomea gazeti. Mengi hayana.

“Nunua mashine ya mvuke.” Inafanya kazi katika chumba kilichofungwa, na matundu yetu huila faida yake. Ni nafuu kufunga hewa ndogo kuliko kulowesha kubwa. Daktari Nathaniel Ward wa London aliligundua hilo karibu mwaka 1829, alipoona kangaga limeota ndani ya chupa iliyofungwa ilhali makangaga ya bustani yake yakifa kwa moshi wa jiji. Mtungi angavu wa maji wa lita 20, ukikatwa kitako na kufunikwa juu ya mche mahali pasipo jua kali, unatosha kuuvusha Februari.

“Julai ni baridi, ongeza unyevu.” Baridi ya Ulaya hukausha nyumba, ya Kiambu huja na mawingu, nguo zikashinda kambani bila kukauka. Punguza maji, fungua dirisha, weka chupa ya kupulizia kabatini.

“Simu yangu inasema unyevu ni 70.” Inasema habari za nje. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, ukisome saa tisa alasiri kando ya mmea. Kwanza kijaribu: weka chumvi ya mezani iliyolowa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, uitie pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa, uache usiku kucha. Humo unyevu huwa asilimia 75. Kikionyesha 70, basi kila usomaji uongeze 5.